Taulo la Wageni

Mwezi uliopita nilinunua sabuni ya kuogea, nikaichomeka kabatini katikati ya nguo bila kuifungua, kama alivyokuwa akifanya mama yangu. Sikuwaza chochote. Jana nikafungua kabati kuchukua taulo, ile harufu ikanipata usoni, na mimi mtu mzima, mama wa watoto wawili, nikakaa kitandani na taulo mapajani nikicheka peke yangu. Mume wangu alichungulia mlangoni akauliza kama niko sawa. Nikamjibu kuwa namcheka kuku. Hakuelewa, na wala simlaumu.

Watoto wangu kila mmoja ana taulo lake lenye katuni, na mmoja akichukua la mwenzake nyumba haikaliki. Sisi wa rika langu hatukukua hivyo. Kwetu Tunduma, mtaa wa Sogea, nyumba nzima ilikuwa na mataulo matatu, na kila moja lilikuwa na cheo chake.

La chini kabisa halikuwa hata taulo tena. Lilishazeeka, mama akalikata vipande: kimoja cha kudekia, kimoja cha kuepulia sufuria, kimoja kikaziba mdomo wa dumu la maji lililopoteza kifuniko. Mama hakutupa taulo. Alilistaafisha tu.

La katikati lilikuwa la kijani, na hilo ndilo lililokuwa letu wenyeji. Lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni na kutukausha wote kwa zamu: mama kwanza, kisha kaka yangu Ezekia, mwisho mimi niliye mdogo. Likifika kwangu limeshakausha watu wawili, likinigusa mgongoni naruka. Na mnaoijua Tunduma ya mwezi wa sita na wa saba, mnaujua ule upepo unaovuka mpaka bila pasipoti. Mama alikuwa ananifunga lile taulo bichi kifuani, ananisogeza karibu na jiko la mkaa na kuniambia, "Kaukia hapo."

La juu ndilo taulo la wageni. Lilikuwa jeupe, nene, lina maua ya zambarau kwenye pindo. Mama alipewa siku ya harusi yake na wifi yake, yaani dada yake baba, shangazi yetu aliyeolewa Kitwe, Zambia. Lilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, limekunjwa mara nne, na sabuni mpya imelala katikati yake kama kichanga. Kuligusa bila ruhusa ilikuwa kesi. Ezekia aliwahi kujitanda nalo mabegani akicheza mchungaji, na mahubiri yake yaliishia kwenye fimbo za makalio. Siku mbili alikula amesimama.

Akija mgeni, mama hamuulizi habari za safari kabla hajaoga. Ndivyo alivyolelewa kwao Ruanda, kule Mbozi. Mgeni anapokewa mzigo, maji yanabandikwa, kandambili mpya zinatolewa, halafu lile taulo jeupe linabebwa kwa mikono miwili na kutundikwa kwenye ukuta wa mabati wa bafu letu la uani. Sisi watoto tunafukuzwa tukacheze mbali. Kuku anachinjwa, firigisi inakwenda kwa mgeni. Siku mbili tatu zikipita, mgeni anaaga, taulo linafuliwa, linaanikwa mahali pasipo vumbi, na sanduku linafungwa.

Sasa baba. Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Alikuwa akipeleka mizigo Zambia, wakati mwingine mpaka Kongo, na kwa foleni za mipakani safari moja ingeweza kula mwezi mzima. Tulikuwa tunapata habari zake kwa madereva wenzake. "Mzee wenu yuko nyuma, kesho au kesho kutwa." Basi mama anafagia uwanja mara mbili. Baba anakuja kwa miguu kutoka yalikoegeshwa malori, begi mkononi, kitaulo kidogo cha bluu shingoni, ananuka dizeli na vumbi. Namkimbilia mpaka katikati ya njia, kisha napatwa na aibu nasimama. Mwezi ni mrefu kwa mtoto.

Siku moja, nikiwa darasa la kwanza, niliona kitu ambacho siku zote kilikuwepo. Baba alifika, mama akampokea begi. Maji yakabandikwa. Kandambili zikatoka. Mama akapiga magoti, akavuta sanduku la bati, akatoa taulo jeupe. Jioni kuku akachinjwa, na firigisi ikaenda kwa baba. Tukaambiwa tusipige kelele, baba amechoka. Siku ya tatu asubuhi, utingo wake akaja kumwita, baba akachukua begi na kuondoka. Mama akafua taulo.

Mimi sikuwa mtoto wa kuuliza. Nilikuwa mtoto wa kuamua. Nilikaa kwenye kizingiti nikaliangalia lile taulo linavyodondosha maji, nikaamua kwamba baba yangu ni mgeni. Si mtu wa kwetu. Kuna mahali kwao, pengine Kitwe, pengine Lubumbashi, ambako kuna msumari nyuma ya mlango na taulo bovu linalomngoja, na huko ndiko anakorudi kila mara. Nilihisi tumbo linaniuma kweli, nikanyweshwa maji ya chumvi na sukari.

Lakini nilikuwa na tumaini, na tumaini lenyewe lilitokana na mjomba Lazaro. Huyu alikuwa ndugu yake mama, alikuja kututembelea akanogewa. Siku mbili alipewa taulo jeupe na akabembelezwa kula. Siku ya tatu mama akasema, nusu akicheka, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," na kweli akampa jembe na kumpeleka kwenye shamba letu la mahindi Mpemba. Aliporudi jioni na udongo magotini, mama akamwonyesha lile taulo la kijani kwenye msumari. Mjomba Lazaro akakaa kwetu miezi mitano. Kwa akili yangu mambo yakawa wazi: mtu akishapewa jembe siku ya tatu, anageuka mwenyeji. Baba hakuwahi kupewa. Ilikuwa kosa la mama, na mimi ningelirekebisha.

Safari iliyofuata, siku ya tatu, niliamka kabla ya kuku. Nikalikokota jembe kutoka stoo, mpini wake ukinizidi urefu, nikaliegemeza kwenye mlango wa chumba cha wazazi. Nikarudi kitandani. Baba alipotoka alilikuta, akalitazama, akatazama alipolala mama. Naona alidhani ametumwa. Akakunja suruali, akaenda nyuma ya nyumba na kulima tuta zima la mchicha.

Mama alipoamka alishika kiuno. "Leo umeota nini, Baba Ezekia?"

"Si nimeona jembe," baba akajibu.

"Haya, asante," mama akasema, naye akadhani mwenzake amekumbuka kilimo.

Mimi nilikuwa nachungulia, nafurahi mpaka nasikia jasho. Saa nne utingo akaja. Baba akanawa miguu, akachukua begi, akaondoka.

Nililia siku hiyo hadi mama akanipeleka kanisani nikaombewe. Baadaye nilitulia na kufikiri upya. Jembe peke yake halitoshi. Mjomba Lazaro alipewa jembe na akapewa pia taulo la kijani. Kilichokuwa kinamfanya baba aendelee kuwa mgeni ni lile taulo jeupe. Mradi liko sandukuni, mama atampa tu. Dawa yake ni lisiwepo.

Wakati huo tulikuwa na kuku mmoja mwekundu, mkali kuliko mbwa, aliyekuwa analalia mayai kumi na moja ndani ya karai bovu kwenye pembe ya stoo. Mama alikuwa amepiga marufuku mtu yeyote kumsogelea. Nikaona hapo ndipo. Siku ambayo mama alikuwa sokoni akiuza vitenge vyake, nilitoa taulo sandukuni, sabuni nikairudisha. Kuku alipotoka kula, nikaondoa mayai moja moja, nikalisukumia taulo chini ya majani makavu na kuyarudisha mayai juu yake. Aliporudi alilikanyagakanyaga, akajitikisa, akakaa. Nilimwona kabisa ameridhika.

Siku zikapita. Habari ikaja: mzee wenu yuko nyuma. Nami nikasubiri nikiwa na siri kubwa kuliko mwili wangu.

Baba akaja. Ila hakuja peke yake. Nyuma yake alikuwepo mwanamke mnene mrefu, kitenge cha gharama kiunoni, mkoba kichwani. Shangazi wa Kitwe. Alikuwa amepewa lifti na kaka yake, na hakuwa ametia mguu kwetu tangu siku ya harusi.

Mama alimpokea kwa magoti mpaka chini. "Karibu wifi, karibu sana. Watoto, msalimieni shangazi." Tukapiga magoti, shikamoo shangazi, naye akanishika kidevu. "Uyu ndiye mwana wandi, mwanangu? Mbona anatetemeka?"

Sikumpangia shangazi. Nilimpangia baba tu.

Maji yalibandikwa, kandambili zikatoka, shangazi akaingia bafuni akiimba nyimbo za Kibemba. Mama akaingia chumbani. Nikasikia sanduku likivutwa. Kisha nikasikia nguo zinamwagwa kitandani, na mama anaongea na Mungu kwa Kinyiha, lugha anayoitumia mambo yakimzidi.

"Wifi, taulo," sauti ikatoka bafuni.

"Linakuja, wifi."

Mama akatoka na kitenge kipya cha biashara, bado kina karatasi ya bei, akakitundika kwenye mabati. Shangazi akatoka amejifunga nacho, anadondosha maji, maana kitenge kipya hakikaushi chochote. Akakaa kwenye mkeka. Akatabasamu. "Wifi yangu, lile langu jeupe bado unalo? Au lilikufa?"

"Lipo, wifi. Limefuliwa."

Shangazi akatazama kamba ya nguo. Kwenye kamba kulikuwa na kaptura ya Ezekia na soksi moja. "Awe," akasema taratibu, na hiyo ndiyo hapana yao. Mama aliinamisha kichwa kwa aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka najisikia vibaya. Zawadi ya wifi haipotei. Ikipotea, ni wewe umemdharau.

Mama akasimama. "Ezekia."

"Mama, si mimi."

"Ulilivaa juzijuzi hapa ukihubiri. Nenda kaniletee fimbo."

Ezekia akaanza kwenda, machozi yanamtoka, akigeuka nyuma kila hatua. Alikuwa na miaka kumi, na hakuwa na kosa lolote. Nilimwangalia baba, aliyekuwa amesimama na kitaulo chake cha bluu shingoni akisubiri zamu ya kuoga. Nilijua nikisema, taulo litarudi sandukuni, na yeye atabaki mgeni milele. Nikimtazama Ezekia anachagua fimbo kwenye ua, roho inaniuma. Mwisho nikaishika suruali ya baba.

"Liko kwa kuku," nikasema.

Walinifuata stoo wote, shangazi na kitenge chake cha maji. Mama akapeleka mkono, kuku akamdonoa. Akapeleka tena, akadonolewa tena. Hatimaye baba alimtupia kuku kitaulo chake kichwani, akamnyanyua, na mama akavuta. Lilitoka kidogo kidogo: pindo la maua ya zambarau, majani makavu, manyoya, na mavi ya kuku ya wiki mbili. Yai moja lilibiringika likaishia kwenye kidole gumba cha mguu wa shangazi.

Kila mtu alisubiri kuona shangazi atafanya nini. Aliliangalia yai. Akamwangalia kuku mwenye kitaulo kichwani. Akaanza kucheka, kicheko cha mwili mzima, mpaka akashika ukuta. "Wifi, zawadi yangu inakaliwa na mheshimiwa," akasema. Mama naye akacheka, kwanza kwa woga, kisha kwa kweli, na mkono wake unavuja damu.

Lakini mama hakuwa mtu wa kusahau kesi kwa kicheko. Alinivuta mbele. "Haya, sema. Kwa nini?"

Ndipo ikatoka yote. Nilisema huku nalia na kamasi zinanishuka, wala sikupanga maneno: kwamba taulo jeupe ni la wageni, na baba anapewa hilo, na firigisi anapewa, na hata nilipomwekea jembe alilima na bado akaondoka. Nilisema sitaki baba awe mgeni. Nilisema nataka apewe la kijani kama mjomba Lazaro, abaki.

"Kumbe lile jembe ni wewe," baba akasema. Alicheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia. Akakaa chini palepale kwenye mlango wa stoo, nguo zake za safari zikiwa bado na vumbi, akawa kimo changu.

Mama ndiye aliyejibu, na hakunijibu mimi. "Nilikuwa nakupa kwa sababu unarudi umechoka, Baba Ezekia. Nyumba nzima kitu kizuri nilichokuwa nacho ni hicho." Akageuka haraka akaanza kukung'uta taulo, ingawa halikuwa la kukung'utika.

Mama yangu hakuwahi kumwambia baba mbele yetu kwamba amemkumbuka. Kwetu watu hawasemi hivyo. Alikuwa anavuta sanduku tu. Mimi nililiona taulo, nikamhesabu baba miongoni mwa wageni. Ilinichukua miaka mingi, na ndoa yangu mwenyewe, kuelewa lile taulo lilikuwa linasema nini.

Baba alifuta uso wangu kwa kiganja chake kinachonuka dizeli. "Sikiliza," akasema. "Huko ninakokwenda ndiko mimi mgeni. Nalala kwenye lori, najifuta na hiki kitambaa. Hapa ni kwangu." Kisha akapaza sauti. "Mama Ezekia, nipe taulo letu."

Alioga. Alitoka amejifunga lile la kijani, ambalo mimi na Ezekia tulishalitumia muda si mrefu, upepo unampuliza kifuani, meno yanagongana. "Hili taulo linakausha au linalowesha?"

"Ndilo la wenyeji hilo," mama akamjibu. "Sogea jikoni ukaukie."

Basi tukakaa watatu mbele ya jiko, baba, Ezekia na mimi, na firigisi ya siku ile alipewa shangazi, ambaye aliikata nusu akampa Ezekia kwa usumbufu alioupata. Mayai yalirudishwa kwa kuku, na tisa yakaanguliwa. Taulo jeupe lilifuliwa mara tano, likabaki na baka moja la kahawia ambalo halikutoka tena. Shangazi alijifuta nalo siku zote alizokaa, akiuliza kila asubuhi kama mheshimiwa ameruhusu.

Siku ya tatu utingo alikuja, kama kawaida yake. Nilijikaza. Baba alichukua begi, akatoka, kisha akarudi ndani. Akakivua kitaulo cha bluu shingoni na kukitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, kando ya lile la kijani. "Hiki naacha," akaniambia. "Mgeni akiondoka haachi taulo lake. Ukiona kiko hapa, ujue mwenyewe anarudi."

Kuanzia siku hiyo, kila safari aliacha kitaulo na kununua kingine njiani. Msumari ulibidi ubadilishwe uwekwe mrefu. Nilikuwa nikitoka shule nakwenda kwanza nyuma ya mlango, navigusa, naendelea na michezo yangu.

Miaka imekwenda. Baba aliacha lori magoti yalipogoma, sasa anashinda kwenye kiti uani akibishana na redio. Mimi kazi ilinipeleka Dodoma, nikaolewa huko huko, na Tunduma naifika mara moja kwa mwaka nikijitahidi. Krismasi iliyopita nilikwenda peke yangu. Nilishuka na begi langu, mama akanipokea. Maji yakabandikwa, siku hizi kwa gesi. Nikiwa natafuta kandambili, nikasikia sanduku linavutwa.

Mama alitoka na taulo jipya la pinki, nene, limekunjwa mara nne, linanukia sabuni. Alinikabidhi kwa mikono miwili. Nilibaki nalo mikononi.

"Mama, mimi nimekuwa mgeni?"

"Umekuja na begi," mama akasema. "Sasa nikuite nani?"

Baba alizima redio. Alijiinua kwenye kiti kwa awamu mbili, akaingia jikoni polepole akishika ukuta. Alirudi na taulo lake, la kijani vilevile, sijui walilipata wapi jingine la rangi ile, bichi kwa kuoga kwake asubuhi. Akachukua la pinki mikononi mwangu na kunipa lile. Kisha akarudi kwenye redio yake.

Nilioga nikajifuta nalo. Lilikuwa la baridi kiasi kwamba nilipiga kelele bafuni, nikawasikia wote wawili wanacheka nje. Siku ya tatu nilipofungua mlango wa chumba asubuhi, jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani. Nililima tuta la mchicha nikiwa na nguo za kulalia, na magari ya kwenda Dodoma yakaniacha mpaka kesho yake.

Nilipofika Dodoma mama alinipigia simu. "Umesahau kitaulo chako huku. Cha njano. Kiko kwenye msumari nyuma ya mlango."

Kabla sijajibu nikasikia sauti ya baba nyuma yake, na redio kwa mbali.

"Kiache hapo. Hajasahau."